Fundi anataka kukata mkia wa pikipiki yangu Jumamosi: nimruhusu?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salamu. Nina pikipiki ya silinda mbili, yenye breki za ABS (zinazozuia magurudumu kukwama ghafla) na injini inayolishwa mafuta kwa kompyuta, niliyoinunua ikiwa mpya miaka mitatu iliyopita. Ni mashine nzuri, lakini sura yake haijawahi kunikaa moyoni. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiibadilisha kidogo kidogo ili ifanane na pikipiki za mbio za zamani, zile zenye usukani wa chini, kiti kifupi cha mtu mmoja na nyuma patupu pasipo madigadi.

Hadi sasa nimefunga ekzosi nyingine fupi, pamoja na bomba lililochukua nafasi ya kile chombo cha kusafisha moshi. Usukani wa vipande viwili unaobana kwenye shokapu za mbele. Vioo vidogo vya mviringo kwenye ncha za usukani. Indiketa za LED zisizozidi ukubwa wa kidole gumba, ambazo zinapepesa haraka mno. Na balbu ya LED ndani ya taa ile ile ya kiwandani. Kibao cha namba nimekificha chini ya kiti, kimelala karibu kama meza.

Mwezi uliopita niliipeleka kwenye ukaguzi ikakataliwa. Mkaguzi alipiga magoti, akamulika tochi chini ya ekzosi, kisha akaniita nisome mwenyewe maneno madogo yaliyochongwa kwenye chuma, upande usioonekana, yasemayo kwamba kifaa hicho ni cha mashindano tu na hakiruhusiwi barabarani. Nimeiosha pikipiki hiyo kwa miezi minane bila kuyaona.

Fundi wangu anasema nisijisumbue: siku ya ukaguzi nifunge ekzosi ya kiwandani, nikishapita nirudishe hii. Ananikumbusha kwamba mjomba wangu aliendesha pikipiki ya mwaka 1978 isiyo na indiketa hata moja na hakuna aliyemgusa. Jumamosi ijayo amepanga kukata mkia wa fremu kwa grainda na kuchomelea kitanzi cha chuma nyuma ya kiti, na nimekwisha kumlipa nusu ya fedha yake.

Je, katika haya yote kuna ninaloweza kubaki nalo kihalali, au ndoto imekwisha? Na je, ni lazima kampuni ya bima ijue?

Wako,
Mpenda Magurudumu Mawili

JIBU

Ndugu Mpenda Magurudumu Mawili,

Mpigie fundi simu leo umwambie kazi ya Jumamosi imeahirishwa. Kila kitu kingine ulichokitaja kinaweza kufunguliwa kwa spana na kurudishwa kama kilivyokuwa, lakini fremu iliyokatwa hairudi. Ukishaahirisha, tutaweza kuyazungumza haya mengine kwa utulivu, kwa sababu ndoto yako haijafa. Imepotea njia tu.

Nianze na mjomba, maana hoja ya fundi wako ina chembe ya ukweli ndani yake. Sheria za ujenzi wa vyombo vya moto kwa kawaida hazirudi nyuma: pikipiki hupimwa kwa masharti ya wakati ilipotengenezwa au iliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Pikipiki ya mwaka 1978 iliyotoka kiwandani bila indiketa katika nchi ambayo haikuzidai inaweza kuendelea hivyo hadi leo bila kosa lolote. Yako ni kitu kingine kabisa. Kabla modeli yake haijauzwa, mtengenezaji aliipeleka ikiwa nzima, pamoja na ekzosi yake, taa zake, breki zake, vioo vyake na programu ya kompyuta yake, ikapimwa na kupewa kibali kwa jinsi ilivyo. Kwa hiyo uliponunua pikipiki hukununua vipande mia tatu ambavyo kila kimoja ni shauri lako. Ulinunua chombo kilichokubaliwa kwa ujumla wake, na kila unapobadilisha kipande, sheria inauliza swali moja tu: je, hiki bado ni chombo kile kile kilichokubaliwa? Majina ya taratibu hizo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini swali hilo utalikuta karibu kila mahali, na ndilo litakalotuongoza hapa.

Tuiendee ekzosi, kwa kuwa ndiyo iliyokuangusha. Makosa yake ni mawili, na watu wengi hulijua moja tu.

La kwanza ni kelele. Katika nchi zinazofuata Kanuni namba 41 ya Umoja wa Mataifa, pikipiki mpya huwekwa kwenye makundi kwa kulinganisha nguvu ya injini na uzito, na viwango vya marekebisho ya nne ya kanuni hiyo ni desibeli 73 kwa kundi dogo, 74 kwa la kati na 77 kwa kundi lenye nguvu zaidi, ambamo bila shaka yako imo. Marekani kikomo cha pikipiki za barabarani kimekuwa desibeli 80 tangu modeli za mwaka 1986, ila njia ya kupima ni nyingine, kwa hiyo usizilinganishe namba hizo moja kwa moja. Tofauti ya desibeli chache isikudanganye kwamba ni ndogo. Desibeli hazihesabiwi kama kilo za unga: ongezeko la desibeli 3 ni karibu mara mbili ya nguvu ya sauti, na la desibeli 10 ni mara kumi.

Unaweza kujipima mwenyewe kabla mkaguzi hajakupima. Pikipiki nyingi za kisasa zina kibao kidogo au stika, mara nyingi karibu na shingo ya usukani, chenye idadi ya desibeli ikifuatiwa na idadi ya mizunguko ya injini kwa dakika. Hicho ni kipimo cha pikipiki ikiwa imesimama: kifaa huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45, kisha injini hufikishwa kwenye mizunguko iliyoandikwa. Askari mwenye kifaa cha kupimia hahitaji kubishana nawe kuhusu utamu wa mlio. Anasoma kibao, anasoma kifaa, na analinganisha.

Kosa la pili ni moshi, na kwangu mimi hili ni zito zaidi kwa sababu halisikiki. Chombo ulichokiondoa kina vijitundu vingi kama sega la nyuki, vilivyopakwa madini adimu ya platinamu, paladi na rodi, na kazi yake ni kuzigeuza gesi zenye sumu kabla hazijatoka nje. Kiwango cha Euro 5, kilichoanza kutumika kwa modeli mpya za pikipiki barani Ulaya mwezi Januari 2020, kinaruhusu gramu 1 tu ya monoksidi ya kaboni kwa kila kilomita, na bila chombo hicho injini haiwezi kukitimiza. Kukiondoa kwenye chombo cha barabarani ni kosa linalosimama peke yake katika nchi nyingi, hata kama ekzosi ingekuwa kimya kama paka; Marekani, kwa mfano, sheria ya hewa safi inakataza kuharibu au kuzima kifaa chochote cha kudhibiti moshi. Usishawishike na ahadi ya kuipangia kompyuta programu nyingine ili taa ya onyo izimike. Taa ikizimwa kwa hila, tatizo linabaki na ushahidi wa makusudi unaongezeka.

Sasa, je, ni lazima urudie ekzosi ya kiwandani? Hapana. Zipo ekzosi za makampuni mengine zilizopimwa na kukubaliwa kwa matumizi ya barabarani, na katika nchi zinazofuata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1958, unaohusu vibali vya vyombo vya moto na vipuri vyake, utazitambua kwa alama ya herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Nchini Marekani alama inayotafutwa ni maandishi ya mamlaka ya mazingira yaliyochongwa kwenye ekzosi yenyewe, na jimbo la California linayadai waziwazi kwa pikipiki zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2013.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojikwaa. Kwa taa au kioo, alama ya E karibu inatosha yenyewe, kwa sababu kifaa hupimwa peke yake. Kwa ekzosi, kibali hutolewa kwa modeli za pikipiki zilizotajwa kwenye cheti, kwa hiyo ekzosi yenye alama halali iliyokusudiwa pikipiki ya silinda moja ya rafiki yako haiwi halali kwa kuihamishia kwenye yako. Dai cheti, tafuta modeli yako na mwaka wake, kisha kiweke chini ya kiti. Zaidi ya hapo, usiguse kile kipande cha ndani kinachopunguza sauti. Kanuni zinataka kisiondolewe kirahisi, na mara tu kinapoondolewa cheti kinabaki karatasi tupu.

Kuhusu ushauri wa kufunga ekzosi ya kiwandani siku ya ukaguzi na kuirudisha nyingine jioni, huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na ubaya wake ni kwamba mwanaharamu huyu hapiti mara moja. Cheti cha ukaguzi kinaeleza hali ya chombo saa ile kilipokaguliwa; hakiruhusu mabadiliko ya baadaye, na ukisimamishwa barabarani keshoyake kosa ni lile lile. Baya zaidi, ukipata ajali, rekodi itaonyesha kwamba ulijua tatizo, ulilificha, kisha ukalirudisha. Fundi wako hatakuwepo siku hiyo kukujibia.

Tuje kwenye fremu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikuandikie kwa haraka. Usifikiri mkia wa fremu ni kipande cha urembo kilichoning'inia nyuma. Unabeba kiti, abiria, taa, kibao cha namba, na kwenye pikipiki nyingi hata betri na visanduku vya kompyuta. Katika baadhi ya modeli shokapu za nyuma zimeshikwa papo hapo. Ukikaa kando ya gereji ukatazama kazi hii ikifanywa, utaona grainda ikipita kwenye bomba kwa dakika chache, cheche zikiruka, na kwa macho yako kitanzi kipya kitaonekana imara kuliko kilichoondolewa. Usichokiona ni kwamba moto wa kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma pembeni mwa kiungo, na kwamba fremu ya alumini hupoteza sehemu kubwa ya ugumu wake hapo isipotibiwa upya kwa joto. Ufa hauanzi siku hiyo. Unaanza baada ya maelfu ya kilomita za matuta.

Ndiyo maana katika nchi nyingi kukata au kuchomelea fremu ni badiliko linalohitaji idhini ya kihandisi kabla chombo hakijarudi barabarani, na baadhi ya watengenezaji hukataza kabisa kuchomelea fremu zao. Pia pikipiki yako huenda imesajiliwa kubeba watu wawili; ukiondoa kiti cha abiria na vikanyagio vyake, kumbukumbu za usajili hazilingani tena na chombo, na sharti zirekebishwe. Na kwa hali yoyote ile, asiguse mtu eneo lenye namba ya fremu, kwa grainda, msasa wala rangi nzito. Pikipiki yenye namba isiyosomeka hutazamwa kama ya wizi mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kabla hujakata tamaa, chunguza jambo moja: je, mkia wa pikipiki yako umechomelewa kwenye fremu kuu au umefungwa kwa bolti? Modeli nyingi za sasa zina mkia wa bolti, na kwa baadhi yake huuzwa mkia mbadala uliokamilika pamoja na cheti cha kihandisi. Kama yako ni hivyo, utapata umbo unalolitamani bila cheche hata moja, na mkia wa kiwandani utauhifadhi stoo ukiwa mzima kwa ajili ya mnunuzi wa baadaye.

Usukani wa chini una nafasi nzuri ya kubaki, iwapo vipande hivyo vina kibali kwa modeli yako. Mtihani wake ufanye leo: simamisha pikipiki, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Kidole gumba kikibanwa kati ya mshikio na tangi, au bomba la breki likivutika kama uzi wa gitaa, au injini ikipanda mizunguko yenyewe kwa sababu waya wa mafuta umekazwa, hiyo si salama wala halali popote. Kumbuka kwamba ABS imekuwa sharti barani Ulaya kwa pikipiki zinazozidi cc 125, kuanzia modeli mpya za mwaka 2016, na pikipiki iliyokubaliwa ikiwa na ABS haina ruhusa ya kuzunguka bila hiyo. Mabomba ya breki yakibadilishwa, hewa iondolewe kwa utaratibu wa mtengenezaji, ambao kwa baadhi ya modeli unahitaji kompyuta ya gereji.

Vioo vya ncha za usukani vinakubalika katika nchi nyingi, tatizo ni udogo wake. Kanuni namba 81 inataka uso wa kioo usiopungua sentimita za mraba 69, na kioo cha mviringo kiwe na kipenyo kisichopungua milimita 94. Chukua rula. Kioo cha milimita 80, ambacho ni maarufu sana kwa sababu ya umaridadi wake, kina sentimita za mraba 50 tu.

Indiketa ndogo si kosa kwa kuwa ni ndogo. Ziwe na alama ya kibali, na chini ya Kanuni namba 53 za mbele ziachane kwa angalau milimita 240 na za nyuma 180, ili dereva aliye nyuma yako usiku atambue ni upande upi unaopepesa. Ule upepesaji wa haraka unatokana na LED kutumia umeme kidogo mno, hata rilei ya zamani, yaani kile kiswichi kinachoziwasha na kuzizima indiketa, ikadhani balbu imeungua. Badilisha rilei kwa ile isiyotegemea mzigo wa umeme, na mwendo utarudi kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, kama inavyotakiwa.

Balbu ya LED ndani ya taa ya halojeni iondoe. Kioo na kiakisi cha taa hiyo vilichorwa kwa kufuata uzi mwembamba uliokaa mahali maalumu kwa usahihi wa sehemu za milimita, na ukiweka chanzo cha mwanga chenye umbo lingine, mwanga hutawanyika machoni mwa wanaokuja mbele yako huku barabara yako ikibaki na giza usilolitambua. Ukitaka LED, nunua taa nzima iliyokubaliwa ikiwa LED. Kibao cha namba nacho kisimamishe. Kanuni za Ulaya zinaruhusu kiinamie juu kwa nyuzi zisizozidi 30 kutoka wima, na kibao kilicholala humfanya askari aamini kwamba unaikimbia kamera, hata kama ulikusudia urembo tu.

Bima ijue, na iijue kila badiliko, kwa maandishi, kabla ya tukio lolote. Karibu mikataba yote ya bima inakutaka ueleze mambo yanayobadilisha hatari au thamani ya chombo, na kunyamaza kunaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa dai lako. Katika nchi nyingi mtu uliyemgonga atalipwa hata hivyo, lakini kampuni inaweza kukugeukia wewe ikidai fedha yake irudi. Andika orodha, ambatanisha picha na vyeti, na utunze jibu lao. Badiliko lenye cheti mara nyingi huongeza ada kidogo au haliongezi chochote, jambo ambalo waoga wa kuuliza hawalijui.

Orodha ya unayoweza kuyafanya bila kumwomba mtu idhini ni ndefu kuliko unavyodhani, ingawa gereji nyingi hazina hamu ya kuitaja kwa sababu haina kazi ya kuchomelea. Kiti kinaweza kushonwa upya kwa umbo jembamba juu ya fremu ile ile. Mishikio, vifuniko vya pembeni na vikanyagio vyenye kibali vinabadilisha mkao na sura. Rangi ni yako, ila toa taarifa ikiwa rangi imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Tairi zenye michoro ya kizamani zinaruhusiwa zikiwa za ukubwa ule ule, na alama zake za uzito na mwendo zisiwe chini ya zilizoandikwa kwenye karatasi za pikipiki: 73W, kwa mfano, ni kilo 365 na kilomita 270 kwa saa, na tairi ya H inaishia 210. Ukubwa ukibadilika, kompyuta ya ABS inayolinganisha mwendo wa magurudumu mawili huanza kupokea hesabu za uongo.

Kuhusu nusu ya fedha uliyokwisha kulipa, usimdai fundi airudishe kabla hujazungumza naye. Mweleze kwamba unataka mkia wa bolti, rilei mpya, taa kamili na kibao kilichonyooka, na kwamba ekzosi mtaitafuta pamoja mkiwa na jina la modeli na mwaka wake mkononi. Hiyo nayo ni kazi ya siku nzima. Akiipokea, Jumamosi yake haijapotea. Akisisitiza grainda, chukua pikipiki yako na funguo zote mbili.